Aya Nyeupe ya Ukurasa wa Saba

Bwenini, Tabora mjini
2 Machi 2025

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepunguza ukorofi. Bibi Minza mpe shikamoo yake, mwambie karanga zilifika na hazikumaliza siku mbili. Mimi mwilini sijambo. Moyoni, Babu, nawaka.

Wanasema nimedanganya. Wanasema ile insha yangu ya mwaka wa tatu, ya njia ya misafara na Tura yetu, sikuiandika mimi, imeandikwa na akili mnemba. Najua utauliza hiyo ni nini. Ni programu. Unaiuliza swali kwenye simu au kompyuta, nayo inakuandikia kurasa nzima papo hapo, Kiswahili safi kabisa. Wanafunzi wengi wanaitumia. Chuo hakijaikataza, kimesema tu tuitumie kwa uwajibikaji na kila mtu aseme ni wapi alipoitumia.

Mhadhiri wetu, Dokta Revocatus, hakuniuliza hata neno. Aliiingiza insha yangu kwenye programu nyingine, ya kunusa maandishi ya mashine, ikamjibu: asilimia tisini na moja. Karatasi inapakwa nyekundu panaposemekana ni mashine, na inaachwa nyeupe palipoandikwa na mtu. Yangu ni nyekundu ukurasa kwa ukurasa. Ile habari ya wapagazi kununua mtama Tura kabla ya kuingia Mgunda Mkali, lile pori la siku nyingi lisilo na maji, ambayo niliinukuu neno kwa neno kutoka kwenye barua zako, nyekundu!

Nilikwenda ofisini kwake. Akaniambia, "Binti, hakuna mzee wa kijijini anayeandika hivi. Aya zimenyooka mno." Nikamwambia babu yangu alikuwa stesheni masta. Akacheka, Babu. Alicheka mbele yangu.

Nimeitwa kwenye kamati ya nidhamu Ijumaa tarehe 4 Aprili. Nikionekana na hatia nasimamishwa masomo mwaka mzima, na wengi waliosimamishwa hawakurudi. Barua zako ninazo, lakini wanasema zinaweza kuwa zimeandikwa juzi. Ninachoomba ni zile nakala zako za kaboni, pamoja na lile daftari ambalo Dionis wa treni husaini kila unapomkabidhi barua pale kwenye behewa lake. Saini zenye tarehe za mwaka jana hazitungwi leo.

Mjukuu wako,
Agnetha


Tura
7 Machi 2025

Mjukuu wangu Agnetha,

Marahaba. Sisi wazima, mvua imetosha, goti ni lile lile.

Yahusu: Mimi kuitwa mashine.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, na mara zote mbili nilitamani kumpiga mtu. Miaka thelathini na minne nimeandika ripoti za stesheni. Treni ikichelewa dakika tisa niliandika dakika tisa, na sababu, na jina la aliyesababisha. Tulifundishwa jambo moja aya moja, na neno lisilo na kazi lishuke. Ukiandika ovyo kwenye reli, treni mbili zinakutana na watu wanakufa. Hivyo ndivyo nilivyokufundisha wewe ulipokuwa darasa la tatu, na ulilia mpaka bibi yako akanigombeza. Leo anatokea mtu anasema maandishi yaliyonyooka si ya binadamu! Hiyo mashine ilijifunza wapi kunyoosha aya kama si kwa watu kama mimi? Mwulize huyo daktari wako nani alitangulia.

Eti hakuna mzee wa kijijini anayeandika hivi. Alimhesabu nani? Alifika lini Tura? Treni inasimama hapa, angeshuka akaniona. Nimemweleza mchungaji baada ya ibada, na yeye amekasirika, ingawa nadhani alitaka zaidi kwenda kula.

Nakala zote ninazo, kumi na nne, zimepangwa kwa namba. Daftari lipo. Lakini kamati haiendewi na hasira peke yake, inaendewa na vielelezo vilivyokaguliwa. Nitumie insha nzima yenye hizo rangi zao. Nitailinganisha na nakala zangu mstari kwa mstari, ili ukisimama pale usibabaike.

Bibi yako anasema huyo daktari aje tumpe jembe, tuone kama mashine itamlimia pia.

Ni mimi Babu yako,
Zablon


Tabora
12 Machi 2025

Babu,

Shikamoo tena, na shikamoo kwa Bibi. Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Niko salama, chakula kinapita.

Insha hiyo hapo, Dionis ameniahidi hataikunja. Nikuongezee la kukutia moto. Unajua notisi za Dokta Revocatus za wiki ya nne zilisemaje? "Misafara ilipofika katika bandari ya Tura, wapagazi walipanda mashua kuelekea magharibi." Bandari, Babu! Tura! Rafiki yangu Najiat, wa Bukene, alinyoosha mkono akauliza hiyo bahari ilikauka lini. Dokta akasema, "Hilo mtalijadili kwenye vikundi." Darasa zima tulijua notisi zile zimetoka wapi. Hata hakuzisoma kabla ya kutugawia. Yeye akitumia mashine ni kwenda na wakati, mimi nikituhumiwa ni mwizi wa elimu. Na yeye hakusema alipoitumia. Nani atamwita yeye kwenye kamati?

Ukisoma, ukurasa wa saba usikusumbue. Ni mambo ya ukoo tu, hayana uzito kwenye kesi.

Mjukuu wako,
Agnetha


Tura
18 Machi 2025

Agnetha,

Marahaba. Tuko wazima.

Nimekaa na insha yako siku tatu, kurasa zako mkono wa kushoto, nakala zangu mkono wa kulia, nikiweka alama ya vema kila sentensi niliyoikuta pande zote mbili. Kurasa sita ziko sawasawa. Nyekundu yote ile ni mimi. Nikafika ukurasa wa saba, ule ulioniambia usinisumbue. Mtu wa reli ukimwambia behewa fulani asilikague, ndilo analoanza nalo.

Pale pana aya moja waliyoiacha nyeupe pe. Inasema: "Babu yangu Zablon alinisimulia, huku machozi yakimlengalenga, kwamba bibi yake Mwamvita alikuwa binti wa mtemi, aliyezaliwa vitani na kulelewa katika fahari ya ikulu, na kwamba jina lake linarithiwa katika ukoo wetu kama taji." Pembeni, kwa kalamu, daktari wako ameandika: "Hapa ndipo ninaposikia sauti ya kweli ya mzee."

Nimepekua jalada lote, kutoka namba moja hadi kumi na nne. Maneno hayo sikuyaandika. Sikuyasema kwa mdomo pia. Machozi hayakunilengalenga, si mbele yako wala mbele ya mtu yeyote. Kila nilichosema kweli wamekiita mashine, na kitu pekee walichokiita mimi, mimi sikijui. Nani amekisema?

Nimemtukana mtu nisiyemjua kwa ajili yako, mbele ya mke wangu na mbele ya mchungaji. Nilikuwa tayari kumtukana na mbele ya kamati. Sasa naona haya, na sijui nimwonee nani hasira kwanza.

Nakala zitabaki sandukuni mpaka nipate jibu.

Babu yako


Tabora
23 Machi 2025

Babu yangu,

Shikamoo. Sitakuuliza habari za goti, najua hutaki mazungumzo hayo.

Ni mashine. Aya ile moja ni ya mashine, na ile peke yake. Niliitumia na sikusema nilipoitumia, nikaiweka kinywani mwako na kutia jina lako. Sina la kujitetea kwa hilo. Nisamehe, au usinisamehe, lakini uongo huo ni wangu.

Ila na mimi nina swali, na leo nitaliuliza kwa hasira kwa sababu kwa adabu nimeshauliza. Nyumbani mmeniita Mwamvita tangu nizaliwe. Kanisani naitwa Agnetha. Ukoo mzima ni Zablon na Eustace na Julieth, Wamoraviani watupu. Mwamvita limetoka wapi? Nilikuuliza mwezi wa sita, ukanijibu habari za mataruma ya reli, jinsi yalivyobadilishwa kutoka mbao kuwa chuma. Nilikuuliza mwezi wa nane, ukanieleza treni zinavyopishana. Nilikuuliza mwezi wa kumi, swali ukaliruka kana kwamba sikuliandika. Ninazo barua. Wewe unazo nakala. Kagua!

Insha ilitaka mtu mmoja wa ukoo aliyeishi kando ya njia ya misafara. Nilikuwa na jina tu, sikuwa na mtu. Siku ya mwisho ya kukusanya nikaiuliza mashine, na yenyewe haikuniruka. Ikanipa binti wa mtemi na ikulu na taji. Utasema nilijua ni uongo. Nilijua. Nilitaka tu kwa dakika chache usiwe uongo.

Sasa mambo yamekaa hivi. Nikinyamaza, nakala zako zinaniokoa, maana aya ile kipimo chao kimeshaipitisha na Dokta ameisifu kwa mkono wake. Nikisema, najifunga mwenyewe. Ninachokereka nacho zaidi ni kwamba niliposema kweli ndipo waliponishtaki, na nilipodanganya wakaniwekea vema.

Mjukuu wako,
Agnetha


Tabora
30 Machi 2025

Babu,

Shikamoo. Jana nimekwenda stesheni kumsubiri Dionis. Amesema hukuwa jukwaani, si Jumatano wala Ijumaa. Anasema tangu aanze kazi kwenye treni hiyo hajawahi kupita Tura asikuone na daftari lako kwapani. Nimeogopa unaumwa. Kama ni hasira tu, niambie ni hasira, nitalala.

Kamati ni Ijumaa hii.

Mjukuu wako


Tura
2 Aprili 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba mbili, ya barua ya tarehe 23 na ya tarehe 30. Siumwi. Ni hasira tu, lakini imehama mahali ilipokuwa. Barua hii haina kichwa cha habari, na sikuweka kaboni chini yake.

Bibi yako ameacha kunisemesha tangu nilipomsomea barua yako. Alisema, "Mtoto kauliza kwa adabu mara tatu, wewe ukampa mataruma," akaingia ndani. Kwa hiyo nakujibu, mara ya nne.

Mwamvita hakuwa binti wa mtemi. Kama alikuwa, hapakuwa na mtu wa kujua, kwa sababu hapakuwa na aliyejua kwao. Aliletwa na msafara kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, binti wa miaka tisa au kumi, kamba shingoni, anapelekwa pwani kuuzwa. Kufika hapa Tura mguu ulikuwa umevimba hawezi kuukanyagia. Mbele yao kulikuwa na Mgunda Mkali. Mwenye msafara akaona hatavuka, akamfungua kamba, akamwacha kando ya ghala la mtama. Kamba akaondoka nayo, maana ilikuwa na kazi.

Mke wa mkulima mmoja akamchukua. Walimwuliza jina, hawakusikilizana. Kwa kuwa vita ndiyo iliyomtoa kwao, wakamwita Mwamvita. Jina alilopewa na mama yake hatulijui, na hata yeye uzeeni alikuwa amelisahau. Aliolewa hapa hapa, akamzaa baba yangu.

Nilimwona kwa macho yangu. Alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili. Siku ya treni ya kutoka Kigoma alikuwa ananishika mkono tunakwenda stesheni. Hakusafiri. Alisimama karibu na madirisha ya daraja la tatu akisikiliza watu wanavyoongea. Alikuwa amebakiwa na maneno matano ya kwao, akiyasema polepole kwa abiria, dirisha kwa dirisha. Wengine walicheka. Wengine walimpa muhogo wakidhani anaomba. Sikuona hata mmoja aliyemjibu.

Shuleni waliniita mjukuu wa mateka. Nilipiga watu na nikapigwa, nikaapa nikiwa mtu mzima habari hiyo haitatoka kinywani mwangu. Nikaingia reli. Nimeandika kila treni iliyochelewa kupita hapa, dakika kwa dakika, na bibi yangu sikumwandikia hata mstari mmoja. Ulipozaliwa nikasema uitwe yeye, halafu ulipouliza ni nani nikafunga mdomo. Huo ni ujinga wangu, usiuite kitu kingine.

Na wewe sijamaliza kukukasirikia. Mtu alinyang'anywa kila kitu, hata jina, na wewe ukamvika taji la kukodi. Lakini mlango huo niliuacha wazi mimi, na ukweli huu umeniuma kuliko maneno ya daktari wako.

Dionis ana bahasha kubwa. Ndani kuna nakala kumi na nne na daftari. Zitumie. La kusema au kutosema mbele ya kamati ni lako, mimi sitakuchagulia.

Babu yako,
Zablon


Tabora
6 Aprili 2025

Babu yangu,

Shikamoo. Shikamoo kwa Bibi Minza, na mwambie asante kwa kukunyima maneno. Goti je? Mimi mzima, sijasimamishwa. Nikueleze yote kama ripoti, kabla hujaruka kwenda mwisho.

Walikuwa watu watano, mwenyekiti mama mmoja profesa. Nilitandika nakala zako mezani kwa namba, na daftari lenye saini za Dionis juu yake. Profesa alipitisha kidole kwenye ile kaboni, akanusa na kidole chenyewe, akamwambia Dokta Revocatus, "Hii ni ya mwaka jana, na ni ya mtu mwenye adabu kuliko sisi." Dokta akatazama dirishani. Nilikuwa nimeshashinda, Babu. Wawili walianza kukusanya makaratasi yao. Ndipo profesa akauliza kama nina la kuongeza.

Nikasema ukurasa wa saba, aya ya pili, ni ya mashine, niliitumia na sikusema.

Dokta akaruka kwenye kiti. "Lakini hiyo ndiyo aya bora ya insha nzima!"

"Ndiyo, Dokta," nikamwambia. "Na ndiyo pekee ambayo hakuna mtu aliyeisema."

Hapo nikawa siwezi tena kujizuia. Nikawaambia mimi nimekosa aya moja na nimeisema mwenyewe bila kukamatwa. Yeye alinihukumu kwa asilimia ya programu bila kuniuliza swali moja, ambalo lingemtosha. Nikatoa notisi za wiki ya nne nikamwomba profesa asome kwa sauti ile habari ya bandari. Alisoma. Hakuna aliyecheka. Aliuliza, "Revocatus, hizi ulizisoma?" Akajibu kwamba muda ulikuwa mdogo na ana wanafunzi mia tatu na arobaini. Nilikaribia kumwonea huruma, lakini na mimi siku ya mwisho muda ulikuwa mdogo.

Uamuzi: insha ile ni sifuri, naiandika upya kabla ya mwisho wa Juni. Kuanzia sasa hakuna mwanafunzi atakayeitwa kwenye kamati kwa asilimia ya programu peke yake, lazima mhadhiri akae naye kwanza amwulize alivyoandika. Dokta ameambiwa arekebishe notisi, na yeye pia aseme anapotumia mashine. Basi. Hakuniomba radhi, na jana nilipopishana naye koridoni alijifanya anatafuta funguo. Hasira yangu haijaisha na sitaki kukudanganya kwamba imeisha.

Profesa aliniuliza, "Sasa huyo Mwamvita alikuwa nani hasa? Una ushahidi?" Barua yako ilikuwa ndani ya mkoba, mapajani mwangu. Nikajibu ninao, lakini leo sikuuleta kuwa kielelezo. Sijaipitisha kwenye kipimo chao, Babu, wala sitaipitisha. Sina haja ya kujua watampaka rangi gani.

Ulisema hukuweka kaboni. Kwa hiyo jana Najiat alizunguka sokoni akapata karatasi moja ya kaboni kwenye duka la vifaa vya ofisi, mwenye duka alikuwa ameshasahau kama anayo. Nimeinakili barua yako yote kwa mkono, bila kunyoosha kitu. Insha mpya nitaijenga juu ya barua hiyo, ukiniruhusu. Nakala ndiyo hii, nimeiambatanisha. Iweke kwenye jalada, namba kumi na tano, na Dionis asaini.

Nina ombi moja, na safari hii usinipe mataruma. Yale maneno matano, unayakumbuka? Niandikie yanavyosikika, hata kama hujui maana. Hapa bwenini kuna wasichana wa Kigoma, na wawili waliozaliwa ng'ambo ya ziwa. Nitapita mlango kwa mlango nikiyasema polepole.

Mjukuu wako,
Mwamvita